Je, Machozi ya Mama Yanawaadhibu Wanawe Waliokufa Vitani?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Kaka zangu wawili walikufa mwaka 1979 katika vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda. Mama yetu sasa ni kikongwe, lakini kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, hutoa sandukuni shati la mmoja wao, akalikunjua mapajani na kulia. Ustadhi mmoja amemwambia kuwa msiba ni siku tatu tu, na kwamba machozi yake yanawaadhibu wanawe kaburini. Tangu hapo analia kwa kujificha. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Si kweli, na imeniuma kusikia mama aliyezika wanawe wawili anatishwa kwa adhabu yao.

Ustadhi ameshika hadithi ya Mtume iliyopokewa kwa Umar, swahaba wake, na mwanawe Abdullah (r.a.), kwamba maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake. Hadithi ni sahihi, ila ameisoma nusu somo. Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, alipoisikia aliupinga ufahamu huo, akasoma kauli ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Wanazuoni wengi wamesema kuwa inamhusu aliyeusia aombolezewe, au aliyejua kuwa ndiyo desturi ya kwao asiwakataze; na kilio kinachokusudiwa ni cha mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Kijana aliyefia vitani ana kosa gani katika chozi la mama yake hata aadhibiwe kwalo?

Ama siku tatu, hizo ni za mwanamke kuacha mapambo na manukato kwa maiti asiye mumewe. Ni hukumu ya mavazi, wala moyo haukuwekewa muda. Nabii Yaakub alimhuzunikia Yusuf miaka mingi hata macho yake yakawa meupe, waliomlaumu ni wanawe, si Mola wake, naye akawajibu: "Hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu." Mtume wetu (s.a.w.), ambaye mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka sita, alizuru kaburi lake akiwa mtu mzima, akalia na kuwaliza waliokuwa naye. Alipowatangazia watu vifo vya makamanda wake Zayd, Jaafar na Ibn Rawaha katika vita vya Mu'ta, mwaka 8 Hijria, macho yake yalikuwa yakitiririka machozi. Ustadhi angemkataza na yeye?

Kilichokatazwa ni ulimi kumlaumu Mwenyezi Mungu, na hilo hukulitaja kwa mama yako.

Julai ikifika, usimwache chumbani peke yake. Kaa naye, mwulize habari za kaka zako utotoni, kisha waombeeni dua na mtoe sadaka kwa niaba yao, hata ikiwa ni kidogo. Kama afya na nauli zinaruhusu, mpelekeni Kaboya, Muleba, walikozikwa askari wetu wa vita vile. Wapo wanaomkataza mwanamke kuzuru makaburi, lakini Mtume alimkuta mwanamke akilia kaburini, akamwusia taqwa (kumcha Mungu) na subira, wala hakumfukuza.

Na huyo ustadhi mwambieni, kwa adabu, aende akamtake radhi mama yenu. Wallahu a'lam.