Rangi Iende Nyuma, Bidhaa Ibaki na Nuru Nyeupe

Usinunue taa ya rangi wiki hii. Najua umeziona zile taa ndefu za LED zinazobadilika kwa rimoti, na umeona picha za chupa za manukato zilizoogeshwa zambarau na bluu, ukajiambia kwamba ukiipata taa ile wateja watakuja wenyewe. Ngoja kwanza. Mimi niliinunua kabla sijaijua kazi yake, na aliyelipia kutojua kwangu alikuwa mama mmoja muuza vitenge pale Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala.

Alinipa vitenge kumi na viwili nimpigie picha za kuweka WhatsApp. Nikafunga mapazia ya chumba changu Kawempe, nikawasha zambarau kushoto na bluu kulia, nikapiga mpaka usiku. Picha zilipendeza kweli, na watu wa Mbale na Gulu wakaagiza. Mzigo ukapandishwa basi, ukafika, na siku mbili baadaye vitenge vinne vikarudi. Cha bluu ya bahari kilikuwa kimeonekana zambarau kwenye simu, na majani ya kijani kwenye kingine yalikuwa yamegeuka meusi. Mama yule hakunifokea. Alikunjua kitenge mbele yangu, akaweka simu juu yake, akasema, "Mwanangu, picha ni nzuri, lakini hiki si kitenge changu."

Tangu siku ile ninafanya kazi kwa kanuni moja, na ndiyo ninayotaka uichukue: bidhaa yenyewe ipigwe na nuru nyeupe, rangi iende nyuma yake au iguse ukingo tu. Mteja wa mbali hana mkono wa kushika wala pua ya kunusa. Ana jicho peke yake, nalo amekukabidhi wewe.

Sababu yake ni hii. Kitu huonekana kijani kwa kuwa kinarudisha sehemu ya kijani iliyomo ndani ya nuru na kumeza nyingine. Ukikipiga kwa nuru nyekundu tupu, hakipati kijani cha kurudisha, basi kinakuwa cheusi. Jaribu usiku: chukua kitenge chenye rangi nyingi, zima taa zote, funika tochi ya simu kwa karatasi angavu ya selofani nyekundu, kisha ya bluu, kisha ya kijani, na kila mara andika ni rangi zipi zimekufa na zipi zimewaka. Saa moja ya zoezi hilo itakufaa kuliko video nyingi za mafunzo. Selofani utaipata kwenye maduka ya karatasi karibu na Nasser Road, na kipande cha kutosha hakizidi sana bei ya rolex moja ya barabarani, ile chapati ya kukunja na mayai. Ila usiigusishe na balbu ya zamani inayochoma, itayeyuka au ishike moto. Kwenye LED pia acha nafasi.

Sasa, nuru nyeupe ni ipi? Rangi ya nuru hupimwa kwa kelvini. Balbu ya manjano ya sebuleni iko kati ya 2700 na 3000, mchana wa jua uko karibu na 5500, na zile LED zinazoelekea bluu zinafika 6500. Jicho lako husamehe tofauti hizo, kamera haisamehi. Kosa ninalolikuta kwa karibu kila anayeanza ni kuweka bidhaa dirishani huku balbu ya dari inawaka: upande mmoja wa sabuni unakuwa wa bluu, mwingine wa manjano, na hakuna programu itakayoziponya pande zote mbili kwa pamoja. Zima ya dari.

Dirisha ndiyo taa yako ya kwanza. Sisi tulio karibu na ikweta tumebarikiwa: jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo saa zako za kazi hazihamihami. Mchana wa saa sita jua liko utosini na nje vivuli vinakatika kama kwa kisu, lakini ndani, kwenye dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, nuru inakuwa laini na nyeupe. Likipigwa, tundika shuka jeupe jepesi. Upande wa pili wa bidhaa simamisha karatasi ya manila nyeupe irudishe nuru kwenye kivuli. Nimepiga kazi za kulipwa kwa mwaka mzima na vifaa hivyo tu.

Ukifika wakati wa kununua taa, tafuta kwenye boksi herufi CRI na namba ya 90 au zaidi. Namba hiyo inaeleza jinsi taa inavyozitendea haki rangi. Taa nyingi za bei ya chini zina upungufu wa nyekundu. Nenda dukani na nyanya iliyoiva, iwashiwe taa mbele yako. Nyanya ikionekana imechoka, iache taa hiyo.

Halafu izuie simu isijibadilishie rangi. Ukiiachia kamera ijiamulie, itaona bluu nyingi nyuma na kudhani kuna kosa, iongeze manjano kila mahali, na maziwa yako yatakuwa rangi ya ugali wa mtama. Kwenye kamera ya simu yenye sehemu ya Pro, yaani ya kujipangia mwenyewe, weka mizani ya nyeupe (WB) kwenye 5500 kama unatumia dirisha au taa ya aina hiyo, na uiache hapo. Kama simu haina Pro, shikilia kidole juu ya bidhaa kwenye kioo mpaka ifunge nuru, kisha anza kupiga, ingawa rangi huenda bado ikahama.

Tukija kwenye rangi yenyewe, wengi hutundika kitambaa cheupe nyuma, wanawasha taa nyekundu, wanapata waridi hafifu, kisha wanalaumu taa. Taa si mbaya. Ile nuru nyeupe ya bidhaa imemwagika mpaka nyuma na kuiosha rangi. Nyuma ikiwa nyeusi nayo, nuru inamezwa. Kinachofaa ni kijivu kilichokolea. Kijivu hakina rangi yake, kwa hiyo kinavaa unayokipa: leo bluu, kesho kahawia ya machweo, bila kununua kitambaa kipya. Isogeze bidhaa mbele, angalau mita moja kutoka ukutani, na taa yake nyeupe iwe karibu nayo. Nuru hupungua haraka: umbali ukiwa mara mbili, inayofika ni robo tu. Basi taa ikiwa sentimita 50 kutoka kwenye chupa na ukuta uko mita moja na nusu kutoka kwenye taa hiyo hiyo, ukuta unapata moja ya tisa ya nuru ya chupa, na taa ya rangi inapata nafasi ya kusema. Ikibaki inayomwagika, simamisha kadibodi nyeusi kati ya taa nyeupe na ukuta. Taa ya rangi iweke chini, nyuma ya meza, ielekee ukutani. Rangi moja inatosha. Ukitaka mbili, jua kwamba nuru hazichanganyiki kama rangi za kopo: nyekundu na kijani zikikutana ukutani huzaa manjano.

Ukuta laini mtupu ukipigwa rangi huonekana kama kioo cha televisheni kilichozimika vibaya. Hapo ndipo uso wenye mparuzo unapofanya kazi. Nuru ikija kutoka ubavuni, karibu kulala juu ya ukuta, kila kijinundu kinapata kivuli chake na picha inapata kina. Nuru hiyo hiyo ikitoka nyuma ya kamera, mparuzo wote unafutika. Kwa hiyo usitafute kitambaa ghali kabla hujaihamisha taa.

Ubao wangu niupendao niliutengeneza mwenyewe. Plaiwudi ya sentimita 60 kwa 90, saruji iliyochekechwa nikaichanganya na gundi ya mbao na maji kidogo, nikapaka kwa mwiko safu nyembamba, mkono ukienda huku na huku bila mpango. Siku ya pili safu nyingine. Iache ikauke kivulini, juani itapasuka. Upande mmoja nikaupaka kijivu kisichong'aa, wa pili nikaupaka rangi ya udongo. Ndeeba kwa wauza mbao utapata vipande vya mvule vilivyobaki, vyenye mistari mizuri. Katwe wanakokunja mabati utapata kipande cha zamani chenye kutu, na kutu chini ya taa ya manjano inafaa sana kwa viatu vya ngozi na mikanda. Mkeka wa mafunjo unafaa kwa mboga na viungo. Chochote utakachochagua, kifute kwa brashi kabla ya kila picha. Vumbi letu jekundu halionekani kwa jicho, lakini kwenye uso mweusi picha inalionyesha lote.

Kuna kimoja ambacho ni lazima nikisemee taratibu, nacho ni lubugo, kitambaa cha gome la mutuba. Kila mpiga picha mpya hapa Kampala hukifikia siku moja, na ni haki: hakuna mandhari ya nyuma inayosema Uganda kwa sauti kubwa kuliko hiyo. UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingia kwenye orodha ya turathi za binadamu zisizoshikika. Gome la ndani huvunwa wakati wa mvua, hupondwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali chini ya banda lililo wazi, mpaka linakuwa laini na kuchukua ile rangi ya tofali. Lipige kwa nuru ya ubavuni na mistari ya nyundo itajitokeza. Taa ya bluu usiijaribu juu yake: rangi ya tofali hurudisha bluu kidogo sana, utapata giza tu. Manjano ya joto ndiyo mwenzake.

Lakini lubugo ni nguo ya kutawazwa, na ni nguo ya maziko pia. Niliwahi kupanga uji wa watoto juu yake kwa ajili ya dada mmoja mwenye biashara ndogo, nikiona fahari. Mzee wake, Muganda wa Masaka, akaiangalia picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama najua kitambaa hicho huwa kinafungiwa nani. Mimi ni mtu wa Arua, sikujua. Tukapiga upya juu ya mkeka. Leo ninakitumia kwa kahawa, ngoma, vito, vitu vya sanaa, na daima namuuliza mwenye bidhaa kwanza. Uliza na wewe. Kila kitu unachokiweka nyuma ya bidhaa kina watu wake.

Asali ya kwetu West Nile ndiyo somo bora la rangi ninalolijua. Chupa ikipigwa kutoka mbele inaonekana kama mafuta ya gari. Weka taa nyeupe nyuma yake kidogo na upande, kata manila ndogo yenye umbo la chupa, ifiche nyuma ya chupa isionekane, nayo irudishe nuru kupitia ndani ya asali. Itawaka kama kaa la moto. Nyuma, kwenye ubao wa kijivu, tia bluu iliyokolea. Bluu na rangi ya chungwa ziko pande mbili zinazotazamana kwenye duara la rangi, kila moja humnyanyua mwenzake. Usiongeze kitu kingine.

Mafuta ya moyao, yaani ya shea, yanataka uangalifu wa namna nyingine. Yana weupe wa manjano, na weupe hushika kila rangi iliyo karibu. Kijani kidogo tu kikirudi kutoka ukutani, mafuta yanaonekana yameota ukungu. Kwa chakula vilevile: kijani na bluu zikigusa nyama au mandazi, hamu inakufa. Vitu vyekundu navyo vipigwe kwa nuru pungufu kidogo, maana kamera huijaza nyekundu haraka na nyuzi za kitambaa zinapotea.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, balbu za kuchaji zitakuokoa, ila zinafifia taratibu kadiri chaji inavyopungua. Piga bidhaa zote za aina moja kwanza, usiache nusu.

Kabla ya kuwasha chochote muulize mwenye bidhaa picha inakwenda wapi. Amazon, kwa mfano, inataka picha kuu iwe na nyuma nyeupe kabisa, kwa hiyo yenye rangi itakaa nafasi ya pili au ya tatu. Na ukimtumia picha kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na ile bluu laini inayofifia kwenda gizani inavunjika mistari mistari.

Yule mama wa Kikuubo alinipa kazi tena baada ya miezi mingi. Vitenge vyake sasa navipiga dirishani asubuhi, nyuma nikiweka ubao wa saruji na taa moja ndogo, rangi nikiichagua kutoka kwenye ua dogo kuliko yote lililomo kwenye kitambaa husika. Kabla hajaondoka tunatoka nje kwenye kivuli cha baraza, anaweka kitenge juu ya mkono wake na simu kando yake, anaangalia kimoja, anaangalia kingine. Asipotikisa kichwa kukubali, ninarudi ndani.