Hasara Yangu ya Zabibu, na Watu Walioniinua

Mbukwenyi wapendwa.

Juzi kijana wa Bahi kaniandikia: "Shikamoo mama. Nataka kukausha mboga nikauze mjini, ila nikilisema wazo langu kwenye kundi naogopa wataniibia. Nifanyeje?" Swali hili limeninyima usingizi, maana hofu hiyo nilikuwa nayo mimi mwenyewe.

Mimi nalima zabibu Hombolo. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba mwaka ule ndiyo niliyoyategemea kwa ada za watoto. Mnunuzi akaniahidi gari Jumatatu. Jumapili nikakata. Jumatatu gari halikutokea, Jumanne simu haipokelewi. Kufika Jumatano makreti ya chini yanachuruzika, nyuki wamejaa uani, watoto wanashindwa hata kwenda chooni. Jirani yangu alipakia zake akapita hapo hapo. Baadaye nikaambiwa gari lake lilikuwa na nafasi. Nimemsamehe, lakini sijasahau.

Wiki tatu sikumwambia mtu. Kisha usiku mmoja nikaandika yote kwenye kundi letu la WhatsApp la wakulima: makreti mangapi, nimepoteza shilingi ngapi, na kosa langu la kukata kabla gari halijafika. Nilidhani watanicheka. Mama mmoja wa Mpunguzi akajibu kwamba yeye zinazobaki huzikausha. Akanifundisha kuzichovya kwenye maji ya moto sekunde chache tu, ule utando wa nta kwenye ganda upasuke, maji yapate pa kutokea. Fundi wa kuchomelea wa mjini akatumiwa ujumbe ule na nduguye, akaja na wazo la kaushio: fremu ya chuma, nailoni juu, wavu chini.

La kwanza lilitushinda. Mvuke ulitanda kwenye nailoni, matone yakarudi juu ya zabibu, siku ya nne zimeota ukungu. Nikapiga picha ya ukungu ule nikaituma kama ulivyo. Mwalimu mmoja wa sayansi akaandika mstari mmoja tu: hewa ya moto hupanda, toboeni juu. Tukatoboa. Leo zabibu kavu zangu zinanunuliwa soko la Majengo mjini, na ninajivunia kwa haki. Karibu kilo nne mbichi hutoa kilo moja kavu, lakini hiyo kilo moja inaweza kumsubiri mnunuzi.

Ndugu zangu, hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu lote. Mama wa Mpunguzi hakujua kuchomelea, fundi hajawahi kushika mche wa mzabibu. Tazameni kisiki hai, njia ya kurudisha miti mkoani kwetu: mkulima anachagua machipukizi machache kwenye kisiki, anapogoa mengine, anayalinda mpaka yawe miti. Visiki vilikuwepo shambani siku zote. Utaalamu umeenea kwa mkulima kumwonyesha mwenzake shambani. Sasa wewe unakaa na ujuzi wako kifuani, unangoja nini? Semeni mnachojua. Semeni na mlipokosea, tena kwa namba, maana "hali ilikuwa ngumu" haimsaidii mtu.

Na wizi upo, mwanangu, sikudanganyi. Nanenane moja pale Nzuguni nilikuta kaushio letu kwa mtu mwingine, anaeleza wageni jinsi alivyolibuni. Liliniuma hadi machozi. Ila alikuwa ameliwekea magurudumu, unaligeuza kufuata jua. Nilirudi nyumbani nikamwita fundi, na langu sasa lina magurudumu.

Kwa hiyo andika kwenye kundi lako leo. Weka picha za mboga zilizokuharibikia, usichague nzuri. Na kama ni mlenda au majani mengine, jaribu kukausha kivulini penye upepo, maana jua kali linaua ukijani na vitamini. Ukishindwa, nitumie picha.