Niongeze RAM au nibadilishe diski?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Nimenunua kompyuta mpakato ya mtumba: i5, RAM GB 4, diski ya HDD GB 500. Kuwaka tu ni dakika tano. Kijana mmoja anasema niongeze RAM, mwingine anasema diski. Kwani GB 500 hazitoshi? Halafu kifurushi changu cha intaneti ni Mbps 10, lakini nikipakua faili naona 1.2 tu. Naibiwa?

JIBU: Salama, dada yangu. Mimi nipo na huyo wa diski, ila usimpe hela bado.

Kinachokuchanganya ni hizo GB, maana RAM na diski vyote hupimwa kwazo. Shuka Kibirizi uwaangalie wanaoanika dagaa. Chanja ndiyo RAM: inabeba kile tu kinachoshughulikiwa sasa hivi. Stoo yenye magunia ndiyo diski. Umeme ukikatika na betri yako ya mtumba imekufa, ni mvua imeshuka dagaa wakiwa bado nje: barua ya mteja ambayo hukuihifadhi imekwenda. Ya stoo yako salama.

Kwa hiyo GB 500 ni ukubwa wa stoo, hazisemi lolote kuhusu kasi ya mlango wake. HDD ina sahani inayozunguka, nyingi za mpakato mara 5400 kwa dakika, na kichwa kinachohangaika huku na huko kutafuta vipande vya faili. Tega sikio karibu na kibodi wakati inawaka, utakisikia kikikwaruza. SSD, diski ya aina nyingine, haina kinachozunguka, ndiyo maana mashine ileile huonekana mpya.

Uhakikishe kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame palipoandikwa Memory na Disk. Disk iking'ang'ania 100% huku Memory iko 60%, weka SSD. GB 256 zinakutosha, na hiyo HDD itiwe kwenye kasha la USB uhifadhie picha za wateja. Zote mbili zikijaa, GB 4 nazo ni chache, utaongeza baadaye. Ukiongeza, ulizia kwanza kama mashine yako inatumia RAM aina ya DDR3 au DDR4, maana haziingiliani. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza RAM kutoka Dar bila kuangalia. Ikaja na treni safari yote hiyo, pengo lake halikukaa kwenye tundu.

Hiyo i5, yaani prosesa, ubongo wa kompyuta, isikuvimbishe kichwa. Ya miaka kumi nyuma inaweza kuachwa na i3 ya juzi.

Kuhusu intaneti, huibiwi. Mbps ni megabiti kwa sekunde, ile 1.2 ni megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 10 kwa 8, unapata 1.25. Umepewa karibu yote. Ukiona 0.3 kutwa nzima, hapo wapigie simu. Na kama inazorota chumba cha nyuma tu, ni ukuta: ruta ikitoa majina mawili ya Wi-Fi, chagua la 2.4 GHz, kasi yake ndogo kuliko 5 GHz lakini linapenya tofali vizuri zaidi.

Ukileta mashine, njoo na flashi. Kazi za wateja tuzihamishe kabla sijashika bisibisi.