Hesabu ya kaboni hotelini: anza kwa mwenye daftari

Ukiingia kazi hii ya kuhesabu hewa ya ukaa ya hoteli hapa Malindi, miguu itakupeleka kwanza kwa mhasibu. Atakupa shilingi. Lakini kinachoungua kwenye jenereta ni lita, na bei ya dizeli nchini hutangazwa upya kila mwezi, kwa hiyo shilingi elfu kumi za Januari si lazima ziwe lita zilezile Agosti. Mwenye lita ni mtunza stoo, au askari wa zamu ya usiku anayewasha jenereta stima ikipotea. Kaa naye, mzungumze, halafu omba daftari. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Kuzidisha hapo hata mtoto wa shule anaweza.

Panapoharibika zaidi ni kwenye AC, na hakuna anayepashuku. Fundi huja, huongeza gesi, huandika "servisi" kwenye risiti, hulipwa akaenda zake. Ile gesi aliyoongeza ni badala ya iliyovuja. Kilo moja ya R410A, aina moja ya gesi ya AC, ikivuja hewani hupasha dunia joto kama kilo 2,000 hivi za kaboni dayoksaidi, sawa na kuchoma lita 750 za dizeli! R32, aina nyingine, ni kama theluthi ya hapo, kwa hiyo jina la gesi lazima liandikwe. Mwambie fundi apime mtungi kabla na baada, na asilipwe mpaka uzito uwe kwenye risiti. Atanung'unika. Mwache anung'unike.

Stima ni nyepesi kidogo. Risiti ya tokeni ina yuniti. Bili ya mwezi huenda ni makadirio, basi piga picha ya mita kila tarehe mosi. Usichukue kipimo cha kaboni kwa kila yuniti cha nchi inayochoma makaa ya mawe: sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana.

Halafu nafasi tupu kwenye hesabu. Hoteli nyingi hufunga msimu wa mvua, na Mei inaweza kuwa sifuri halali. Kama ni sifuri, andika sifuri na sababu yake. Ukiacha wazi, mkaguzi hatajua kama hakukutumika kitu au daftari lilipotea.

Mashua ya kupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari ikiwa ni ya hoteli, petroli yake huingia kundi la kwanza, yaani hewa inayotoka kwenye vyombo vya hoteli yenyewe, kwa GHG Protocol, utaratibu wa kimataifa wa hesabu hizi. Ikiwa hoteli imeikodi kutoka kwa vijana wa ufukweni, ni kundi la tatu, yaani hewa ya vyombo vya wengine wanaoihudumia hoteli, na lita hutazipata kwenye karatasi. Hesabu safari, muulize nahodha kila safari hula lita ngapi, kisha uandike wazi kwamba hayo ni makadirio, nani kakupa, na tarehe gani.