Nimeangalia video za Python miezi yote hii ila mwenyewe siwezi kuandika kitu

SWALI: Habari mtaalamu. Nina miezi kadhaa najifunza kuandika programu kwa lugha ya Python kupitia video, nikiangalia naelewa kila kitu ila nikisema sasa niandike mwenyewe nabaki nakodolea skrini tu. Kuna anayeniambia nihamie JavaScript, mwingine anasema bila C sitaelewa kitu. Halafu hesabu zangu si nzuri. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, lugha haina shida hapo, usihame. Python ipo toka 1991, JavaScript 1995, C ni ya mwanzoni mwa miaka ya 70, na zote zinapiga kazi mpaka leo. Ukiijua moja vizuri nyingine haikusumbui sana maana msingi ni ule ule, kuhifadhi kitu kwa jina, kupima kama hali ni hivi basi fanya vile, kurudia jambo, kukusanya hatua kwenye fanksheni. JavaScript ningekushauri kama unachotaka ni kurasa za wavuti, maana ndo lugha ya programu ambayo brauza zinaielewa moja kwa moja. C ni nzuri sana ila itakuingiza kwenye mambo ya kupanga mwenyewe memori (kumbukumbu ya kompyuta) mapema mno, iache kwanza.

Shida yako ni kuangalia. Mtu wa kwenye video ameshaamua aanze na nini kifuate nini, wewe unaitikia tu, na huko kuamua ndo kazi yenyewe! Kwa hiyo video ikifika dakika kumi isimamishe, fungua faili tupu uandike kile kile bila kuchungulia, usikopi na kupesti. Ukikwama chungulia pale ulipokwama tu halafu funga tena.

Jaribu hii:

umri = input("Una miaka mingapi? ")
print(umri + 1)

Iendeshe, ujibu 20. Itagoma, itakuletea maneno mengi ambayo mwisho wake yana TypeError, na hapa ndo wengi wanaoanza wanakata tamaa wanafunga kompyuta. Usifunge. Soma mstari wa mwisho kwanza, unakwambia kosa ni la aina gani, kisha panda juu kidogo utaona limetokea mstari wa ngapi. Inalalamika kwamba huwezi kuunganisha maandishi na namba. Sasa jiulize maandishi yametoka wapi na wewe umejibu 20? Ni kwamba input siku zote inarudisha maandishi, hata ukiandika tarakimu. Badilisha mstari wa kwanza uwe hivi, int inageuza maandishi kuwa namba:

umri = int(input("Una miaka mingapi? "))

Utapata 21. Usiishie hapo, iendeshe tena ujibu ishirini kwa herufi, italeta ValueError, na hapo utaona mwenyewe kwa nini programu lazima ikague anachoandika mtumiaji. Kuichokoa programu ndogo hivi mpaka ivunjike kunafundisha kuliko video ndefu, nakuhakikishia.

Ukitoka hapo tengeneza mchezo wa kukisia namba. Kompyuta ichague namba kati ya 1 na 100, wewe ukisie, ikwambie umezidisha au umepunguza mpaka uipate. Kabla ya kugusa kibodi andika hatua zote kwenye karatasi kwa Kiswahili cha kawaida, kama hatua hazijakaa sawa kwenye karatasi hata Python haitakusaidia. Na ukikisia katikati ya zilizobaki kila mara, utaipata kwa majaribio yasiyozidi 7, na kufikiria hivyo ndo hesabu yenyewe unayoiogopa. Kujumlisha, kugawa, kujua baki ya kugawanya, vinatosha kuanzia, ukifika kwenye grafiki za magemu utaongeza polepole.

Programu za akili bandia zitumie zikueleze kosa, zisikuandikie mchezo wote.

Ukikwama nitumie programu yenyewe pamoja na ujumbe wote wa kosa kama ulivyotoka, usiniandikie "imekataa" peke yake.