Ukiongeza ukubwa wa tairi, hesabu na difu

Canter yangu ilikuja na tairi za 7.00R16, na kwa muda mrefu sikuwa na sababu ya kuzigusa. Kisha nikapata kazi ya kubeba dagaa kutoka mialo ya upande wa Sengerema kwenda soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Njia za kushukia mwaloni ni mawe yaliyochomoza na mchanga mlaini, na kila safari nilisikia difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, likikwangua. Nikanunua ringi pana na tairi za 8.25R16, nne nyuma na mbili mbele. Gari likasimama juu, likapita mawe bila kugusa. Wiki ya pili nikaunguza klachi.

Ilikuwa kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, tunavuka kwa kivuko. Nilikuwa natoka kivukoni upande wa Kigongo, magunia yamejaa hadi juu ya bodi, gari la mbele likasimama katikati ya mwinuko. Nikasimama nami. Kuondoka tena ikawa kazi: gia namba moja, naachia klachi taratibu, gari linatetemeka, halisogei. Utingo akaruka na jiwe akaliweka nyuma ya tairi. Jaribio la tatu ndipo likapanda, huku moshi mweupe ukitoka chini ya kebini na harufu ile ikijaa ndani. Shati langu lilinuka klachi hadi kesho yake.

Nilimpelekea gari fundi mmoja mzee wa Nyakato. Nikamwamkia, akaitikia, akaangalia tairi kabla hata ya kufungua boneti. “Ngosha,” akaniambia, “klachi haina kosa. Umeongeza tairi, difu umeliacha lilelile.”

Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko mmoja. Ni kama mtu amekupa gia ndefu zaidi bila kukuuliza, kuanzia namba moja mpaka namba tano. Nguvu inayofika ardhini inapungua kwa kiasi kilekile tairi ilichoongezeka. Na sisi wa huku tuna la ziada. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo, kama 4D33 niliyonayo, hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo sehemu moja ya kumi ilikuwa imeshaondoka hata kabla sijanunua tairi, nami nikaondoa nyingine.

Dawa yake ni reshio ya difu. Reshio ni idadi ya mizunguko ya propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda kwenye difu, ili tairi izunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu zaidi na mwendo mdogo zaidi. Usikisie ya kwako wala usimsikilize aliyekuuzia gari, ihesabu mwenyewe. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini, gia iwe huru, kisha inua upande mmoja wa nyuma kwa jeki na uweke stendi. Kwenye Canter breki ya mkono hukamata propela, kwa hiyo lazima uiachie, ndiyo maana nasisitiza mawe. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako akihesabu propela. Kwa kuwa tairi ya upande wa pili imetulia, mizunguko 20 ya upande mmoja ni sawa na 10 ya ekseli nzima. Sisi tulipata propela 53 kasoro kidogo, yaani 5.285: kraunwili, ile gia kubwa ya difu, ya meno 37, na pinieni, gia ndogo inayoizungusha, ya meno 7.

Sasa pima tairi. Usisome namba za ubavuni ukaishia hapo, maana tairi yenye mzigo hubonyea. Pakia gari, jaza upepo wa kazi, weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma mpaka alama irudi chini, pima kwa futi kamba. Ya zamani ilinipa mita 2.38, mpya 2.62. Gawanya 2.62 kwa 2.38, unapata 1.10. Zidisha 5.285 kwa 1.10, unapata 5.81. Hiyo ndiyo reshio ambayo ingenirudishia gari kama lilivyotoka kiwandani.

Difu la 5.81 halipo sokoni. Kwa Canter utakutana na 5.714, meno 40 kwa 7, au 6.166, meno 37 kwa 6. Hapa ndipo uamuzi ulipo, na hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Kwa hasira ya klachi nikachukua 6.166. Mlimani lilikuwa raha, nilipanda kilima cha Bugando na kokoto bila kuhangaika. Lakini nikapata mzigo wa Musoma, na kuanzia Magu mpaka Bunda ni tambarare ndefu, injini inalia njia nzima na mafuta yanashuka.

Angalia tofauti. Gia namba nne kwenye gari langu ni moja kwa moja, propela inazunguka sawa na injini. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, zamani injini ilizunguka kama mara 2,220 kwa dakika. Tairi kubwa na difu la zamani: kama 2,020. Kwa 6.166: kama 2,350. Kwa 5.714: kama 2,180, karibu kabisa na kiwandani. Hata spidomita hurudi kwenye ukweli, kosa ni kama asilimia 2 tu. Nikabadilisha tena, na 5.714 ndiyo ninayotembea nayo mpaka leo.

Lakini sisemi kila mtu achukue 5.714. Kama kazi yako ni mawe na mchanga, Isamilo leo, Nyegezi kesho, na huvuki kilomita 40 kwa siku, chukua 6.166 na usijute. Na kama uliichagua kwa sababu ya mwinuko wa kivukoni, daraja lilifunguliwa Juni 2025. Hesabu upya njia zako.

Ukinunua la mtumba, hesabu meno mbele ya muuzaji. Kraunwili na pinieni zichukue pamoja kama zilivyosagana, usikubali kuchanganyiwa kutoka magari mawili, zitaimba na kisha zitalika. Mwenye pikapu ya kuvuta magurudumu yote manne abadilishe mbele na nyuma kwa reshio moja, la sivyo ataharibu gia za katikati.

Kuna mambo mawili ambayo difu haliwezi kukusaidia. Breki hukamata kidogo kuliko zamani kwa sababu tairi imekuwa kubwa, kwa hiyo acha nafasi zaidi mbele yako. Na tairi pacha za nyuma zisigusane gari likiwa na mzigo. Pitisha mkono katikati, kwenye sehemu iliyobonyea chini. Zikigusana zinapata moto na kupasuka.

Baada ya kufunga, nilitembea kilomita 500 za kwanza na nusu mzigo, kisha nikamwaga oili ya difu. Ilitoka na unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo, nikaupangusa kwa kitambaa, nikaweka oili mpya ya 90. Ungekuwa vipande, ningelishusha difu siku hiyohiyo.