Maswali ya wasomaji: Lochi wamejaa mayai lakini hawatagi

Habari za kazi, wahariri. Nafuga samaki sita wa lochi, aina ya kuhli, kwenye tangi la lita 80 hapa Raskazone, Tanga, huu mwaka wa pili. Wawili wamejaa matumbo, na ukimulika tochi ubavuni unaona kijani kwa ndani. Lakini hawatagi. Maji ni ya kisima, chini nimeweka mchanga wa pwani na vipande vya matumbawe. Nakosea wapi?

Ndugu msomaji, hicho kijani ndiyo mayai yenyewe. Majike wako wamekomaa na wanakula vizuri; kinachowazuia ni maji.

Kuhli (jamii ya Pangio) asili yake ni vijito na madimbwi ya misitu ya Malaysia, Sumatra na Borneo. Kule maji ni laini, yana uchachu kidogo, na yamepata rangi ya chai kwa majani yanayoozea humo. Matumbawe ni chokaa, na mchanga wa pwani umejaa vipande vya makombe, navyo ni chokaa vilevile. Chokaa hiyo inayeyuka kidogo kidogo kila siku na kupandisha pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu unapungua) na ugumu wa maji. Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe nacho kina tatizo hilohilo, na kikiwa karibu na bahari huongeza chumvi. Samaki mzima anavumilia, ila hali hiyo haimpi dalili yoyote kwamba msimu wa kutaga umefika.

Kwa hiyo toa matumbawe yote. Tafuta mchanga laini wa mtoni, uchekeche, uoshe mpaka maji yatoke safi. Kabla ya kuutumia, weka kijiko kimoja kikavu kwenye glasi na umwagie siki: ukichemka vipovu, una chokaa, uache. Wala usiwe na ncha kali, maana lochi hujifukia humo mchana kutwa, na sharubu zikikwaruzwa huanza kuoza.

Maji ya kuzalishia ni ya mvua. Usikinge ya bati, kwa sababu bati lina zinki na maji ya mvua huila. Zinki ni sumu kwa samaki. Tandika turubai safi la plastiki, acha mvua ioshe vumbi kwanza, ndipo ukinge kwenye pipa la plastiki. Maji ya mvua matupu hayana madini ya kutosha na pH yake huweza kuporomoka ghafla, hivyo changanya sehemu mbili za mvua na moja ya bomba. Ya bomba hapa Tanga yanatoka mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani na yametiwa klorini. Yaweke kwenye ndoo wazi saa 24, jiwe la hewa (linalotoa vipovu vya pampu) likifanya kazi humo. Lenga pH 6 hadi 6.5 na joto nyuzi 24 hadi 26. Mwezi wa pili joto hilo ni gumu kulipata bila feni ya kupuliza juu ya maji.

Ongeza jani moja au mawili ya mti wa mkungu kwa lita 40. Chukua yaliyokauka na kudondoka yenyewe, mbali na barabara, uyaoshe. Yanatoa rangi ile ya chai, yanashusha pH taratibu na kusaidia kuzuia ukungu kwenye mayai.

Tangi la kutagia liwe la lita 40, maji yawe na kina cha sentimita 20, chujio la sponji lenye hewa ndogo, na kifuniko kisicho na mwanya, maana lochi ni mtoro. Weka yaelee juu ya maji makumbi ya nazi yaliyochemshwa na kubadilishiwa maji mara kadhaa. Katani isitumike, inaoza upesi na kuchafua maji.

Wiki mbili hadi tatu kabla, walishe viluwiluwi vya mbu na minyoo ya udongo iliyokatwakatwa. Ndoo ya viluwiluwi uifunike kwa chandarua na uivune kila siku, usije ukawafugia majirani mbu wa dengi. Kisha weka majike wawili na madume watatu; dume ni mwembamba na mapezi yake ya kifuani ni mapana zaidi. Jioni toa theluthi ya maji, rudishia ya mvua yaliyopoa kwa nyuzi 2 au 3. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Masika yakianza, mwezi wa tatu, ndiyo wakati mzuri wa kujaribu.

Hutaga karibu na uso wa maji, na mayai madogo ya kijani hunasa kwenye makumbi. Wazazi huyala, kwa hiyo watoe mara moja. Tumia kikombe, siyo wavu: chini ya jicho lochi ana mwiba unaonasa kwenye nyuzi, na ukimvuta unamjeruhi.

Nimefungua chujio la chini ya changarawe nikakuta watoto watatu wa lochi, kama sentimita 1. Niwalishe nini? Msomaji, Ngamiani.

Waache hukohuko kwanza. Wazazi hawafiki, na uchafu wa chujio umejaa vijidudu wanavyokula. Usilioshe kwa maji ya bomba. Klorini itaua vijidudu hivyo na bakteria wanaosafisha amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki.

Ukitaka kuwahamisha, andaa chakula kabla. Weka kipande cha ganda la ndizi kwenye chupa ya maji ya tangi, kivulini, siku nne au tano. Yakishatia ukungu kisha yakaanza kutakata, yako tayari. Wape vijiko viwili, mara tatu kwa siku. Kwa ukubwa huo wanaweza pia artemia (vijidudu vya maji ya chumvi) waliototolewa siku hiyo. Kiini cha yai tunakikataa: tone likizidi, maji yanaharibika usiku huohuo. Umeme ukikatika, acha kulisha mpaka pampu ya hewa irudi.

Je, lochi wa rangi ya chungwa na mistari mitatu myeusi anazaa nyumbani? Msomaji, Bagamoyo.

Huyo ni Chromobotia macracanthus, na kwa nyumbani usimtegemee. Hufikia sentimita 30, na wanaozalishwa kwenye mashamba ya Asia hutagishwa kwa sindano za homoni. Akikushinda, mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa, mto Ruvu usimtupe.